Shahidi wa Upepo

Mama Fausta alinyanyua ungo juu ya kichwa, akauinamisha taratibu, mtama ukamiminika. Makapi nayo yakamiminika. Hayakwenda kokote. Yalidondoka papo hapo miguuni kwake, juu ya mtama uleule yaliyotoka nao.

Binti yake, Fausta Ntandu, alikuwa amesimama pembeni ya uwanja wa kupuria, begi la safari bado liko begani. Alilitazama jambo lile mara ya kwanza, akalitazama mara ya pili, kisha akainua macho mlimani. Kule juu minara ya umeme wa upepo ilikuwa inazunguka. Minara mia sita na kumi na minne, imejazana kuanzia kusini mwa Unyamhaa mpaka macho yanapoishia, mapanga yake matatu matatu yakikata anga, wala hapakuwa na hata mmoja uliosinzia.

Mgeni angepita zake asione kitu. Lakini mtoto wa Unyamhaa anajua kupepeta kabla hajajua kusoma, na hahitaji kufundishwa na mhandisi kwamba upepo wa kusukuma panga la mita themanini hauwezi kushindwa na kapi la mtama.

"Shikamoo mama."

Ungo nusura umponyoke yule mama. "Marahaba! Wewe! Si ulisema Ijumaa?"

"Kazi ya mjini iliisha mapema. Nikasema leo Jumatano, nije nipumzike."

"Ungepiga simu."

"Nije nyumbani kwetu nipige simu, kwani nimekuwa mgeni?" Fausta aliweka begi chini. "Mama, upepo uko wapi?"

"Upepo gani?"

"Mama."

Mama Fausta aliketi juu ya kigoda, ungo magotini, akaanza kuokota makapi moja moja kwa vidole, kazi ambayo haina mwisho na yeye alijua. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na mbili, mkavu, asiyependa kulia mbele ya watu. "Mwaka wa tatu huu," akasema. "Unakuja kidogo alfajiri, basi. Mwezi wa saba, mwezi ambao zamani ulikuwa huwezi kuanika kanga bila kuifunga, leo hata moshi wa jiko unapanda kama umechorwa kwa rula."

"Mbona nikija kila msimu wa mavuno nakuta mtama uko ghalani, safi?"

"Tunapepeta kabla hujaja. Sista Adela anatuazima feni ya kituo cha afya."

"Na hamkuniambia. Kijiji kizima!"

"Tukuambie ili iweje?" Sasa mama alimtazama usoni. "Wewe si ndiye shahidi? Shahidi akijua lazima aseme. Hilo dude lenu la shingoni si linasikia mpaka utumbo? Nikawaambia wenzangu, jamani, mwanangu asijue. Asiyejua hadanganyi, na Elibariki wangu anaendelea kuishi. Sasa umejua. Umefurahi?"

Fausta aliinama akachota gao moja la makapi, akalitia mfukoni mwa sketi, akaanza kupanda mlima kwa miguu akiwa hata maji hajanywa.

*

Miaka ile picha haikuwa ushahidi tena. Mashine zilikuwa zimejua kuchora chochote, ndege iliyoanguka na ambayo haikuanguka, na mita nazo zilikuwa zinatunga namba kama watoto wanavyotunga sababu za kuchelewa shule. Kwa hiyo sheria ilirudi kwenye kinywa cha mtu. Kila baada ya miezi mitatu, siku ya Ijumaa saa nne kamili asubuhi, mzaliwa wa mahali aliyeapishwa alivaa mkanda shingoni, akasimama mbele ya dirisha, akatamka alichokiona. Mkanda ule uliitwa Sikio. Sikio halikujua ukweli ni upi. Lilijua jambo moja tu: kama mwenye koo anaamini anachokisema. Ukiamini, taa ya kijani. Usipoamini, nyekundu, na aliyeizalisha alikuwa anakwenda jela miaka tisa.

Fausta alikuwa amevaa Sikio kwa miaka saba, na miaka yote saba taa ilikuwa ya kijani. Alisema mapanga yanazunguka kwa upepo kwa sababu aliyaona yakizunguka, na ukutani kwa meneja kulikuwa na kipimo kinachosema upepo uko sawa. Akatamka, akashukuru, akarudi mjini. Watu walimheshimu kwa hilo. Alijiheshimu na yeye mwenyewe.

Meneja wa kilima, mhandisi Rwechungura, alimkuta amesimama dirishani kwake, ndani ya ofisi yenye kioo kirefu kilichotazamana na safu ya kwanza ya minara. Kipimo cha ukutani kilisoma mita kumi na moja kwa sekunde. Fausta alifungua dirisha, akatoa mkono nje, akafumbua vidole. Makapi yalishuka wima mpaka kwenye maua.

Rwechungura aliyatazama. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, macho yamezungukwa na weusi wa kukosa usingizi. Fausta alitarajia atabisha. Hakubisha. Alikwenda ukutani akakizima kile kipimo kwa kidole, kama mtu anayezima redio msibani.

"Keti, dada Fausta."

"Sitaki kuketi. Inazungushwa na nini?"

"Mota. Kila mnara una yake, ndani ya kichwa."

"Umeme wa mota unatoka wapi?"

"Gridi ya Taifa."

"Yaani mnachukua umeme wa watu, mnazungushia mitambo ya kutengeneza umeme."

"Ukilisema hivyo linasikika kama wazimu," Rwechungura akasema. "Kwenye karatasi linasikika kama uwekezaji." Alijitupa kitini. "Nilikuja hapa nina miaka ishirini na minane, nikiupenda upepo kuliko mchumba niliyemwacha Bukoba. Minara ya kwanza ilizaa umeme hasa, usidhani tulianza na wizi. Lakini sheria inasamehe kodi kwa kila mnara unaozunguka. Haiulizi mnara umezaa nini. Inauliza: upo? Unazunguka? Basi, huyo kasamehewa. Makao makuu wakaona mnara mzuri na mnara wa ovyo ina msamaha uleule. Ungekuwa wewe ungejenga upi, na mingapi?"

"Mimi si mfanyabiashara."

"Wao ni wafanyabiashara. Wakaipanda kama mahindi yaliyopandwa na mlevi. Sasa, upepo ukipita kwenye mapanga hutoka umechoka. Unataka nafasi, kilomita nzima pengine, upate nguvu tena. Sisi hatukuupa. Safu ya pili ikala makombo ya safu ya kwanza, ya tatu ikala makombo ya makombo. Mwaka mmoja safu ya sita ikagoma kuzunguka. Na mnara ukisimama siku tatu mfululizo, msamaha unakatika kwa kilima chote. Ndipo zikaja mota. Za safu moja tu, tena kwa muda, tuliambiwa."

"Nchi hii cha muda ndicho kinachodumu," Fausta akasema kwa uchungu.

"Na kilima kingine hakijengwi, kwa sababu mkoa una kikomo cha misamaha na sisi tumekijaza chote. Kule Kisana kuna upepo wa kuezua mapaa. Ushirika wao unaomba miaka minane. Nafasi hakuna." Rwechungura alisugua macho. "Lakini hili unajua lilianzia wapi. Hili ni la marehemu mzee wako."

Alijua. Nani asiyejua Unyamhaa? Wakati sheria inaandikwa, maofisa walikuja kutafuta maoni, wakasema wanataka kusamehe kodi kwa kiasi cha umeme utakaozalishwa, upimwe kwa mita. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ntandu, akasimama. Alikuwa mkulima wa vitunguu, na maisha yake yote alikuwa ameuza kwa lumbesa: gunia linajazwa, linarefushwa kwa kipande cha gunia jingine, linashonwa kwa kamba mpaka linakuwa na kichwa na mabega, halafu mnunuzi analipa gunia moja. Ukilalamika, mizani inaletwa, na mizani ni ya mnunuzi. "Mizani ni ya mwenye pesa siku zote," mzee akawaambia wale maofisa. "Hiyo mita itakuwa ya nani? Mimi sitaki kitu kinachopimwa ndani ya boksi. Mnara nitauona kwa macho yangu. Ukizunguka nitauona. Hesabuni minara. Na fungu letu sisi wenyeji mlifunge kwenye mnara huohuo. Mnara hauna lumbesa!"

Watu walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Vijiji vingine, vyote vya wakulima walioibiwa na mizani, vikasema hivyohivyo, na sheria ikatoka hivyohivyo. Mpaka leo maneno yale yameandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji: MNARA HAUNA LUMBESA. Fausta alikuwa na miaka kumi siku ile, amesimama ubavuni kwa baba, na hakuwahi kujivunia kitu kama alivyojivunia yale maneno. Sasa aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Keshokutwa Ijumaa nitasema," akamwambia Rwechungura.

"Unaweza kusema. Unaweza pia kupatwa na homa. Hapo mezani huwa kuna glasi ya maji. Ukikohoa mara mbili kabla hujamaliza, nitaandika shahidi ameugua, wataleta mzaliwa mwingine aliyekulia mjini, ambaye hajawahi kuona ungo maishani mwake. Hutakuwa umedanganya. Hakuna atakayekwenda jela."

"Na nikisema?"

"Kipengele cha kumi na tisa. Fungu la wenyeji linakatika papo hapo, maana limefungwa kwenye cheti cha shahidi. Mtambo unalikata wenyewe, haungoji mtu. Kampuni inakata rufaa. Na mpaka rufaa isikilizwe, msamaha unabaki, mradi minara isisimame." Alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuudhi Fausta kuliko angetukanwa. "Unanielewa? Kituo cha afya kitazimika. Minara itaendelea kuzunguka."

"Rufaa inachukua muda gani?"

"Ya kilima cha Ilunda ina mwaka wa nne."

*

Kituo cha afya cha Unyamhaa kilikuwa na paneli za sola zinazotosha taa na friji ya chanjo. Mashine nne za kusafisha damu zilikula umeme wa fungu la wenyeji. Kuunganishwa na gridi hawakuruhusiwa, kwani mwenye fungu hapewi laini ya pili. Watu kumi na wawili walitegemea mashine zile, mara mbili kwa wiki, kila mtu na siku zake. Mmoja wao alikuwa Elibariki Ntandu, mwalimu wa hesabu, mdogo wake Fausta wa pekee, ambaye figo zake zilikufa akiwa na miaka ishirini na tisa.

Alhamisi mchana Fausta alimkuta kivulini nyuma ya kituo, anasahihisha madaftari. Walimu wenzake walikuwa wanamletea ili asijione hana kazi. Alikuwa amevimba miguu, uso una rangi ya udongo mkavu, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Shahidi wa Taifa! Karibu. Mama kaja hapa jana analia bila machozi, nikajua mambo yameiva."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Dada, mimi nimelala chali miaka mitano nikitazama minara dirishani. Unafikiri nilikuwa nasoma magazeti? Hiyo minara siku za upepo haikuwahi kuzunguka pamoja. Mmoja anawahi, mwingine anachelewa, kama wanafunzi mstarini. Miaka mitatu hii inazunguka kama jeshi. Nikajua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Ningesema nini? Jamani, zimeni mashine yangu?" Alicheka, kikohozi kikamkatiza. Kisha akaonyesha kwa kalamu dirisha la chumba cha mashine. "Unamkumbuka Bi Mwajabu wa Kisana?"

Fausta hakumkumbuka.

"Kwao kuna mashine pia. Ila kila siku kuanzia saa tatu mpaka saa kumi umeme unakatwa. Mgao. Umeme huo ndio unaozungusha mota za hapa, sasa unajua. Akawa anakuja hapa kwa bodaboda. Si mwenyeji, haruhusiwi, lakini Sista Adela akamficha miezi miwili kwenye mashine ya nne. Tulikuwa tunapiga soga hatari. Alikuwa ananisimulia bei za kuku. Kampuni ikaja kuhesabu matumizi, wakamkuta. Alikufa mwezi wa tatu, kwao, saa nane mchana, mashine iko pembeni yake." Elibariki alifunga daftari. "Mimi damu yangu inasafishwa kwa umeme wake. Silali vizuri."

"Kwa hiyo niseme?"

"Sijasema useme."

"Ninyamaze?"

"Sijasema unyamaze. Nimechoka kuwa sababu, dada. Mama ananyamaza kwa sababu yangu, kijiji kinanyamaza kwa sababu yangu, wewe sasa unataka kuja hapa nikuambie la kufanya ili liwe langu. Sitaki. Sema au usiseme, lakini kwa kinywa chako."

Fausta alihisi machozi yanamchoma, akayaacha yatoke. "Na wale wengine kumi na mmoja? Nao wamechoka kuwa sababu? Nimewauliza?"

Elibariki, aliyekuwa na jibu kwa kila swali toka utotoni, alitazama madaftari yake, akachukua moja, akaanza kusahihisha lile alilokwisha kusahihisha.

Kabla hajaondoka, Fausta alimtafuta Sista Adela, akamwambia neno moja tu: wagonjwa wa kesho waanze saa kumi na mbili asubuhi, ili saa nne iwakute wameshatoka kwenye mashine. Sista alimtazama kwa muda mrefu. Alisema, "Nitajitahidi, lakini kwa gari la wagonjwa la hapa sikuahidi kitu."

*

Ijumaa kulikuwa kimya kabisa. Jua lilikuwa limeshapanda, anga jeupe, na Fausta alisimama mbele ya kioo kirefu cha Rwechungura, Sikio limembana shingoni, baridi kama kidole cha maiti. Glasi ya maji ilikuwa pale mezani. Kipimo cha ukutani kilikuwa kimewashwa tena.

Sauti ya ofisa ilitoka kwenye spika. Ilikuwa ya kijana wa kike, mchangamfu, ana mashahidi wengine ishirini wa kuwasikiliza kabla ya chakula cha mchana. "Unyamhaa, habari za asubuhi. Shahidi, tamka."

"Mimi Fausta Ntandu, mzaliwa wa Unyamhaa, nimeona mapanga ya kilima hiki yakizunguka."

Kijani.

"Endelea, shahidi. Yanazungushwa na nini?"

Hapo alisimama. Aliiona glasi. Alimwona Rwechungura pembeni, kalamu mkononi, akiwa tayari kuandika homa, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba yule bwana alikuwa anamwombea akohoe. Koo lenyewe lilikuwa linawasha. Kukohoa kungekuwa rahisi, kungekuwa hata kweli. Alimfikiria Elibariki. Akawafikiria wale kumi na mmoja, ambao wengine hata majina yao hakuyajua, akamfikiria Bi Mwajabu na bei zake za kuku, naye hakumjua. Alitafuta ndani yake mahali ambapo jambo lile lingekuwa na uzito upande mmoja tu, akapakosa. Mizani, kama alivyosema baba, ilikuwa ya mwingine.

Kilichomsukuma mwishoni hakikuwa ushujaa, na mwenyewe hakuwahi kudai hivyo. Ni kwamba miaka saba alikuwa ametamka sentensi hii kwa kinywa hiki, na sasa kinywa kilikataa kubaki nusu.

"Yanazungushwa na mota," akasema. "Umeme ni wa gridi. Upepo hapa hakuna. Mwaka wa tatu hakuna."

Kijani.

Yule binti ofisa alisahau uchangamfu wake. "Shahidi, rudia tafadhali."

Akarudia. Kijani tena.

"Ushahidi... umepokelewa. Cheti cha Unyamhaa kimefutwa." Hazikupita sekunde kumi, sauti nyingine, ya mashine, ikasema: "Rufaa ya kampuni imepokelewa. Msamaha unaendelea kwa masharti yaliyopo."

Fausta aligeuka. Rwechungura alikuwa hajagusa kitu.

"Huwa inajiandika yenyewe," akasema. "Iko tayari tangu mwaka ule tulioweka mota." Akachukua funguo mezani, akamtupia. "Pikipiki yangu iko nje. Wahi."

Nje ya kioo minara yote ilikuwa inazunguka.

*

Gari la wagonjwa lilikuwa limechelewa, kama Sista alivyosema. Watatu walianza saa kumi na mbili na walikuwa wameshamaliza. Lakini mashine ya nne ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya Elibariki, na alipomwona mzee mmoja wa kitongoji cha mbali kaletwa anatweta, alishuka kitandani, akampisha kwenye zamu ya asubuhi, akasema yeye atafuata mzee akimaliza. Mzee alitoka saa tatu na nusu kabla ya muda wake, amejisikia vibaya. Elibariki akaingia. Sista alimkataza. Elibariki alimjibu kwamba akikosa leo hajui lini tena, bora nusu saa kuliko bure.

Umeme ulikatika saa nne na dakika sita. Betri ya mashine ilikuwa na dakika ishirini. Sista alitaka kumtoa mara moja, mgonjwa akakataa tena: kila dakika ya kusafishwa ni akiba. Kwa hiyo betri ilikufa damu yake ikiwa nje, ndani ya mipira. Kwa hali ile mashine ina mpini mdogo ubavuni, unaochomekwa kwenye pampu na kuzungushwa kwa mkono, taratibu, mpaka damu yote irudi mwilini. Usipofanya hivyo inaganda na mtu anaipoteza.

Fausta alipoingia mbio, vumbi mpaka kwenye nyusi, alimkuta mama yake ameketi kwenye stuli kando ya mashine, anazungusha ule mpini. Alikuwa ametoka moja kwa moja uwanja wa kupuria, makapi yamejaa kwenye kilemba na mabegani. Sista Adela alikuwa upande wa pili, ameshika mpira wa damu, anatazama mapovu. Hakuna aliyempa Fausta karibu.

Mama hakuinua kichwa. Alizungusha mara tano, mara sita zaidi. Kisha akasema, "Mkono wangu umechoka. Shika wewe."

Fausta alishika. Mpini ulikuwa na joto la kiganja cha mama yake. Alianza kuzungusha, na ndani ya mpira damu nyeusi ya mdogo wake ikasogea kidogo, ikasogea tena.

"Polepole," Elibariki akasema, macho amefumba. "Usizungushe kama unakimbizwa." Halafu akauliza, "Umesema?"

"Nimesema."

"Ikawa kijani?"

"Ikawa kijani."

Aliitikia kwa kichwa, kama anavyofanya mwanafunzi akipata jibu sahihi la swali gumu. Midomo yake ilikuwa imekauka. Mama alichovya ncha ya kanga kwenye maji, akamlowesha, akaketi sakafuni miguu ameinyoosha, akaanza kuokota makapi kwenye nguo yake, moja moja, akiyaweka kwenye kiganja.

"Jumanne ni zamu yangu tena," Elibariki akasema.

Sista alitazama mapovu. Mama alitazama kiganja chake. Fausta aliendelea kuhesabu mizunguko kama Sista alivyomwelekeza, thelathini kwa dakika, si zaidi. Dirishani, juu ya kilima, minara mia sita na kumi na minne ilikuwa inazunguka kwa pamoja, sawasawa, pasipo hata jani moja la mti kutikisika. Naye akazungusha.